Ukurasa wa Chekoni

Munje, Msambweni
Jumapili, baada ya bamvua

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi. Bushra,

Shikamoo shangazi. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia kwa niaba ya nyumba nzima, maana kila mmoja ameniagiza salamu, nikizitaja zote karatasi itakwisha. Je, sukari imeshuka? Miguu bado inavimba? Binti yako Hafsa anasema ulilalamika kwamba Maskati kuna joto hata kivulini. Huku mvua zimetukumbuka na mihogo imekubali. Baba hajambo, ila magoti yake yanamsema. Sisi wengine twala, twalala, twacheka, alhamdulillahi.

Barua hii anakuletea Ubeid, jirani yetu anayekuja kazini huko, kwa kuwa masikio yako na simu hayapatani tena. Shuleni tulifundishwa kutaja madhumuni ya barua mapema. Mimi nayaweka mwisho makusudi, nawe tafadhali usirukie huko. Nakujua.

Niliwahi kukwambia kwamba nikitoka kufundisha hukutana na wenzangu pale Ukunda, tunaandika kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni. Ni kitabu cha elimu kisicho na mwisho wala mwenyewe: kila ajuaye huandika, na wenzake humkosoa. Mwaka huu tumeshika majina ya mahali ya Kwale, tukiamua lipi lina haki ya kupewa ukurasa wake na lipi halina. Gazi na Msambweni hazikuwa na mjadala. Munje tuliipigania, ikapata. Vita vilianza nilipoleta jina la Chekoni.

Wewe hulijui jina hilo, lilikuja baada yako. Ni lile dimbwi kubwa la kwenye mwamba, linaloonekana maji makuu ya bamvua yakipwa kabisa, akina mama wanapochokoa pweza. Nililiandika kwa simu, na simu kwa ujuaji wake ikanisahihishia. Asubuhi wenzangu wakasoma kwamba Chooni ni mahali maarufu pa Munje ambapo wanawake huenda kwa makundi. Chirau, mwenyekiti wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, aliuliza kwa upole kama habari hiyo ina ushahidi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipolirekebisha, mwenzetu Caroline naye akadhani Chekoni ni pale barabarani askari wanapocheki magari.

Huyu Caroline ni mtu wa bara, anafanya kazi katika hoteli moja Diani, na kwa kuhoji hana mpinzani. Alipoelewa ni dimbwi, alisema si ati anadharau, lakini hapo hapana nyumba, hapana msikiti, hapana shule, wala jina halijaandikwa popote. Kila shimo la pweza likipewa ukurasa, alisema, msomaji ataitafuta Gazi asiione. Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

Kisha akatonesha kidonda. Dimbwi hilo hilo, alisema, wenye boti za watalii wanalitangaza kwa jina la Dimbwi la Fungate, na hilo angalau limeandikwa. Shangazi, nilipandwa na hasira! Fungate gani hiyo juu ya matumbawe makali, katikati ya pweza? Lakini nilijua hatari iko wapi. Wanaosema Chekoni ni akina mama wa pweza tu, na mabinti zao wamekimbilia kazi za hoteli. La Fungate likishinda, lao litazikwa pamoja nao.

Chirau akakata shauri. Nilete sauti za watu wa sehemu mbili wasiopangiana la kusema, wanaopaita mahali hapo Chekoni, na jina litaingia. Nikishindwa, basi ni Fungate. Tena akataka Caroline afuatane nami, asije mtu akasema nimewalisha mashahidi maneno.

Basi bamvua ilipofika tukateremka mwambani na Bi. Mbodze, aliyekuwa jirani yenu, nyumba ya nyuma ya kisima. Caroline alikuja na raba nyeupe, maskini. Mbodze alitukataza kupiga kelele, kwani pweza akisikia makelele hujibana shimoni na hatoki ng'o. Tulipofika tu ukingoni mwa Chekoni, Caroline akateleza, akaketi dimbwini, maji hadi kifuani, mkono wenye simu ukabaki juu kama mtu anayekula kiapo. Tulibana vicheko kwa adabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akapaliwa, nasi tukamfuata. Mbodze akasema kumbe mahali bado pana desturi yake, naye Caroline, papo hapo majini, akawasha kinasa sauti akamwomba aeleze.

Mbodze akaeleza kwamba zamani, yeye akiwa mtoto wa kubebeshwa kikapu, alikuwepo msichana aliyekwisha kuposwa. Mama yake alimleta mwambani kwa mara ya mwisho kabla ya arusi. Pweza akamkamata mkono hadi kwenye kiwiko, akamtemea wino leso yake mpya. Akina mama walikimbia kumwokoa, wakidhani analia, kumbe anacheka. Alikuwa ameketi dimbwini akisema jamani bwana amechelewa, leo nimeshaozwa, pweza kanishika mkono kwanza. Wote walianguka kicheko. Pweza wa mwamba mzima wakajificha, na usiku ule kijiji kizima kilikula mchicha. Tangu hapo wakawa wanaagana wakutane kwenye cheko, mpaka pakaitwa Chekoni.

Hiyo ilikuwa sauti ya kwanza. Ya pili sikuitafuta mimi. Caroline mwenyewe alikwenda Gazi, akawauliza wanawake wa kule bila kuwadokezea kitu. Wasichana wa Munje walioolewa Gazi zamani walikwenda na jina hilo, na sasa hata asiyewahi kulikanyaga dimbwi hulitumia. Mtu akinuna, Gazi humwambia nenda Chekoni! Mkutanoni Caroline ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, akasema jina lililokwisha kuwa msemo haliombi ruhusa ya kuwa jina. Nilimkumbatia mbele za watu. Ukurasa umeingia, na la Fungate limeandikwa chini kwamba wenye boti nao hupaita hivyo.

Sasa madhumuni yangu. Nilimuuliza Mbodze msichana yule alikuwa nani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi, akasema vipi, humjui dada wa baba yako?

Ni wewe, shangazi. Leso ile ni yako na cheko lile ni lako. Nilipomwuliza baba, alisema siku ile mlirudi mmelowa, naye akaambiwa mambo ya mwambani ni ya wanawake. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena.

Chirau hataki kuandika jina la aliye hai bila ridhaa yake, kwa hiyo tumeandika tu kwamba palitokana na kicheko cha msichana mmoja wa Munje. Nakuomba ridhaa yako. Tena Hafsa amenieleza uliyomwambia: kwamba huji tena nyumbani, waliokujua wamekwisha, na utapita Munje kama mgeni anayeuliza njia. Shangazi, hilo sasa silikubali. Wanawake ambao hawakuwa wamezaliwa ulipoondoka wanakutaja kila maji yakipwa, bila kujua ni wewe wanayemtaja.

Mbodze anakusalimu sana. Anasema ridhaa yako hataki kuisikia kwa barua, ailetaye awe wewe. Baba anakubusu mkono, nasi wadogo twakuombea afya na safari njema.

Na ukifika, usiulize njia. Sema tu unakwenda Chekoni.

Mwanao akupendaye,
Twaiba