Subiri Hapo Ulipo

Same mjini,
Jumapili baada ya adhuhuri.

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Barua hii nimempa mwalimu mmoja wa kwetu anayerudi Masasi kwa likizo, nikamwapisha asiitoe mfukoni mpaka akuone kwa macho yake. Isome peke yako kwanza. Zuhura asiione wala asisomewe, na ukifika katikati utanielewa.

Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wako umepoa? Korosho mmeshaokota, au bado mnagombana na mbuzi wa jirani? Na mke wangu anapata usingizi? Amenishitakia kwamba unamnywesha uji asubuhi na jioni kama mtu anayenenepesha mbuzi wa Idi. Endelea hivyohivyo, usimsikilize. Mimi mwili ni mzima. Upepo wa Same unanilisha vumbi kama kawaida yake, na makande nimeyazoea hadi nikiyakosa nayaulizia. Roho ndiyo haijakaa sawa.

Juzi nilipokupigia nikakuomba umpeleke Zuhura mjini kwa shangazi, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue, ulicheka. Ukanikumbusha kwamba wazo hilo lilikuwa lako tangu mwanzo na mimi ndiye niliyelikataa. Ni kweli. Nilikwambia hakuna haja ya kuhangaika, mfumo wetu umeshafika mpaka Masasi, namba ya Zuhura nimeiandikisha kwa mkono wangu, uchungu ukianza mpige simu gari lije mlangoni. Ukaniuliza kama huo mfumo una miguu. Nilikuona mshamba, dada, na wala sikuficha. Sasa unataka kujua kilichonigeuza, na kwenye simu sikuweza kusema, maana simu yako inaongea kwa spika na nyumba nzima husikiliza. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mkuu wangu wa kazi ni Dokta Namsifu, mwanamke wa milimani hukuhuku. Ndiye aliyeanzisha mpango wa kuita gari la wagonjwa kwa simu, na sasa mikoa mingine inauchukua. Kwenye mikutano wanamwita kiongozi wa ubunifu na kumpiga picha. Mimi namjua kama mtu anayesahau kula. Alipokuwa bado shule ya msingi, mama yake alishikwa na uchungu mgumu, wanaume wakambeba kwa machela kuteremka mlima, akafia njiani. Machela ya kule ni miti miwili na blanketi katikati, basi. Kwa hiyo kila kijiji tulichokwenda kufundisha alisimama mbele ya watu akasema zama za machela zimekwisha. Mgonjwa si gunia la tangawizi. Pigeni namba, kaeni na mgonjwa wenu, gari litawakuta.

Mimi kazi yangu ni kompyuta. Ukipiga ile namba, mpokeaji hapa Same anaandika ombi, simu za madereva zinalia, na papo hapo meseji inamwendea mwenye mgonjwa. Maneno ya meseji hiyo niliyaandika mimi. Nilikaa nayo asubuhi nzima nikiyapunguza, maana meseji ndefu watu hawasomi. Yakabaki haya: Ombi lako limepokelewa. Gari linakuja. Subiri hapo ulipo. Dokta akayapitisha, akanisifu kwamba nimesema kila kitu kwa maneno machache.

Nisiudhulumu mfumo. Umesaidia. Kuna wanawake wa Lembeni na wa vijiji vya kando ya barabara kuu waliofika hospitali salama kwa sababu yake, na watoto wao nimewabeba mikononi. Ningekuwa nakuandikia kabla ya vuli ningekusimulia hao tu.

Kuna kijiji kimoja mlimani, juu ya mji mdogo wa Kisiwani, sitakitaja. Huko milimani wana desturi inaitwa msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza njia, na asiyetokea anatozwa faini. Siku ninayokusimulia ilikuwa ya msaragambo. Wanaume wa kijiji kizima walikuwa pamoja mferejini tangu asubuhi, wenye nguvu zao na majembe yao.

Asubuhi hiyo mwanamke anayeitwa Nakunda, umri wake kama Zuhura, mimba yake ya pili, akaanza kutokwa damu. Muuguzi wa zahanati alipomwona akasema hili si la hapa, apelekwe hospitali upesi, akapiga namba yetu na kuandikisha simu ya mumewe. Wakati huohuo habari ilishafika mferejini. Wanaume wakaacha kazi, wakakata miti, wakafunga blanketi, wakamlaza, wakamnyanyua. Walikuwa wameshatoka uani mwa zahanati, wameikabili njia ya miguu inayoshukia Kisiwani. Mama mwenye mzigo wa tangawizi kichwani akiianza njia hiyo alfajiri, jua halijawa kali yuko sokoni. Na Kisiwani magari yapo.

Hapo ndipo simu ya mumewe, Eliamini, ilipoingia meseji yangu.

Angalia jinsi alivyofikiri, dada, maana alifikiri vizuri. Gari linatoka Same kwa barabara ya juu, ile inayozunguka milima. Njia ya miguu inateremkia upande mwingine kabisa. Wakiendelea, gari litafika zahanati likute hakuna mtu, na mkewe atakuwa bondeni bila gari. Tena tulikuwa tumewafundisha wenyewe kwamba mgonjwa asihamishwe. Akawaambia wenzake wamshushe. Wakamshusha.

Gari lilikuwa limeondoka kweli. Dereva alikubali mara moja, lakini mvua za vuli zilikuwa zimelainisha kona moja, likazama kwenye matope mahali ambapo simu haishiki. Muuguzi akapiga tena na tena, na kila mara mpokeaji akamjibu kwa nia njema kwamba kwenye skrini gari linaonekana liko njiani. Ndiyo, lilikuwa njiani. Wanaume wakakaa chini kuizunguka machela, wakitega masikio wasikie mlio wa injini. Wazee wakasema tumbebeni twende. Wakajibiwa wavute subira, kwa kuwa likifika sasa hivi tutapishana nalo. Walipoamua kumnyanyua mara ya pili Nakunda alikuwa haitiki tena. Alikufa kabla hawajafika bonde la kwanza, na mtoto tumboni. Wakageuza, wakarudi naye.

Gari lilipofika, wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Dereva, tope limemfika kifuani, akabonyeza kwamba amefika, kwa sababu asipobonyeza simu haiachi kulia. Kwa hiyo kwenye skrini yangu hapa Same ombi la Nakunda likageuka kijani. Kijani maana yake mgonjwa amehudumiwa. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaona kijani, nikafurahi.

Tulikwenda mazikoni, mimi na Dokta. Nilitaka kuukimbia msiba ule, nakuambia ukweli wangu. Dokta akaketi mkekani na wanawake, kichwa amekifunika, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Walitupa makande kama wageni wengine. Baada ya kaburi kufukiwa Eliamini akaja mpaka pale tuliposimama. Nilidhani anakuja kutupiga, na ningemshukuru. Akasema polepole, "Dokta, walikuwa wameshambeba. Mimi ndiye niliyesema wamshushe." Kisha akatoa simu yake akamwonyesha ile meseji, ambayo alikuwa bado hajaifuta, akauliza kama aliisoma vibaya.

Dokta akamwambia hapana, uliisoma sawa.

Wewe unajua watu wanavyowatania Wapare hawa wa huku, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimekaa nikingoja hiyo kesi. Kila mtu akibisha mlango wa ofisi nasema ndiyo hiyo imekuja. Eliamini hajashitaki popote. Anaamini kosa ni lake, na hilo ndilo linalonila. Angenishitaki ningelala.

Siku ileile ya mazishi Dokta alikataa kupanda gari. Akasema anashuka kwa miguu, kwa njia ya machela. Nikamfuata na viatu vyangu vya ofisini, nikianguka kila penye kokoto, naye mbele yangu hageuki. Penye jiwe moja kubwa alisimama kidogo, akaligusa, akaendelea. Tulipotokea Kisiwani, jua lilikuwa bado liko juu, na watu walikuwa bado wanauza ndizi. Akakaa kwenye benchi la muuza ndizi, akavua viatu. "Mama yangu alifia pale penye jiwe, Rashidi," akaniambia. "Huyu angefika." Halafu akalia mbele ya watu wote. Mimi nikasimama kando yake kama mti, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kesho yake aliniita nifute yale maneno ya mwisho kwenye meseji. Mkono wangu uliyaandika, lakini haukuweza kuyafuta. Mfumo sasa si wetu tena, umesambaa, na neno moja likibadilishwa ni lazima lipite ngazi za juu. Tukaandika juu. Tukajibiwa kwa adabu kwamba maoni yetu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi katika toleo lijalo, tuwe na subira. Dokta alisoma jibu hilo akanisogezea nilisome na mimi.

Baadaye wakaja wageni kutoka mikoa mingine kujifunza kwetu. Ukumbini walitundika picha ya Dokta. Aliposimama kuzungumza aliweka kando alichoandaa, akawasimulia habari ya Nakunda kama ninavyokusimulia wewe, akawaomba wakirudi makwao wawaambie watu wasiache kubeba. Kisha mmoja akauliza zile rangi za kwenye skrini tumezipangaje, na wengine wakafungua madaftari kuandika jibu. Mwisho walipiga makofi.

Siku hizi kila Jumamosi Dokta anapanda milimani, kijiji kwa kijiji, kukana maneno yake mwenyewe. Anawaambia machela irudi zahanati, na simu ikishapigwa wanaume waanze kuteremka, na mtu mmoja mwenye simu abaki kulisubiri gari. Wengine wanamsikia. Wengine wanamwambia mbona wewe mwenyewe ulitukataza. Nikienda naye nabeba mabango, maana maneno siaminiki nayo tena. Amekonda, dada. Sijui kama atamaliza mwaka katika kazi hii, na akiondoka yeye sijui nani atakayejali tofauti ya kufika na kuwahi.

Basi hayo ndiyo yaliyonigeuza. Ile meseji bado inakwenda kama nilivyoiandika, kwa kila anayepiga, mpaka Masasi. Na namba ya Zuhura imo. Najua mvua zikianza kile kijito chetu kitajaa, na gari lolote litasimama ng'ambo ya pili likipiga honi. Nilikuwa nakijua tangu utoto wangu, nimekiogelea, na bado nilikuambia mngoje mlangoni. Mpeleke kwa shangazi wiki hii, kabla mawingu hayajakaza. Akikataa kwa kusema mumewe alimwambia vingine, mwambie mumewe alikuwa mjinga. Habari ya Nakunda usimpe mpaka atakapokuwa amemshika mtoto wake, na wakati huo nitamwambia mwenyewe.

Nisalimie shangazi, na mwambie asijisumbue kunitafutia godoro, nikipata ruhusa nitakuja kulala sakafuni. Msalimie shemeji, mume wako, na umwombe pikipiki yake isilale mbali na nyumbani mwezi huu hata kama ni harusi ya nani. Wapwa zangu wote wawili waambie wasome. Bibi mbusu mkono, umwombe dua ya yule mama na mwanawe, atakuuliza ni nani, mwambie ni jirani yangu.

Neno la mwisho. Uchungu unaweza kuwahi mkiwa bado kijijini, hayo yako kwa Mungu. Ukiwahi, ile namba pigeni, sikatazi, huenda gari likafika. Lakini huku mnapiga, shemeji na majirani wawe wameshamnyanyua kitandani. Simu italia, na meseji itasema msubiri hapo mlipo. Hayo ni maneno ya mdogo wako, dada. Usiyatii. Mbebeni.

Ni mimi uliyenilea,
Rashidi