Akala Kando ya Kitanda

Kwako Mama Nafula, mwenye ufunguo wa jiko na wa moyo wangu mbovu,

Pokea salamu nyingi kama kumbikumbi wa mvua ya kwanza, ila usizikaange zote leo. Goti lako linaendeleaje? Langu likiona mawingu yanatokea upande wa Loresho linaanza kulia kabla tone halijaanguka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Maneno yako yalifika. Kwamba nyumba yetu mpya imeezekwa, mlango umetiwa kufuli, na wewe, kwa kuwa mila yetu haimruhusu mke kulala nyumba mpya kabla ya mume, bado unalala kwenye ile kuukuu, sufuria miguuni ikikinga maji. Kwamba ndugu yangu Wanjala amechoka kuningoja, anataka walichukue koti langu la kijivu kutoka msumarini, walitangulize ndani jioni, nawe uingie ulale, mambo yaishe. Mwambie asante, lakini koti hufanya kazi hiyo kwa niaba ya marehemu. Mimi bado napumua, na jana nilimaliza ugali wa watu wawili. Mwanamume huingia nyumba yake kwa miguu yake. Sitaki koti linitangulie kukukumbatia.

Sasa utauliza, mbona siji? Ni hii kazi. Nilipokuambia navalisha nyumba ulicheka mpaka simu ikakatika, lakini ni kweli. Ghorofa likiisha kujengwa huku Muthangari, fleti zake haziuziki zikiwa tupu. Tajiri naye ana shida ya macho. Mwonyeshe chumba kitupu, anaona ukuta tu. Basi bosi wangu, Madam Kendi, mama wa Meru mwenye sauti ndogo na macho ya mwewe, hukodi viti, mazulia na picha, nasi tunavipanga mpaka ionekane mwenye nyumba ametoka kidogo kununua maziwa. Machungwa ya kwenye bakuli ni ya plastiki. Najua kwa sababu nililiuma moja. Kitandani naweka mito saba. Watu wawili, mito saba! Sijui vichwa vingine wanavitoa wapi.

Kila asubuhi naandaa meza ya wawili, sahani na vikombe. Kisha nasimama na kitambaa changu cha vumbi, nakitazama kile kiti cha pili, nakuona umekaa pale unalalamika kwamba chai yangu haina majani. Jioni napangusa vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Naandalia watu wasiokuja, na kwetu asiyekuja ni mimi.

Madam aliniahidi kwamba hii fleti ya juu ninayoipanga sasa ikipata mwenyewe, nitakwenda nyumbani. Haikupata. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaondoka.

Juzi tukaambiwa anakuja daktari mmoja kijana anayefanya kazi Upper Hill. Asubuhi Madam akanung'unika kwamba chumba cha kulala kimekaa kihoteli, hakina mtu. Kando ya kitanda palikuwa na ndala nyeupe ambazo hazijawahi kuona mguu. Unanijua. Alipogeuka nikaziondoa, nikaweka akala zangu, zile za tairi la sokoni kwetu, visigino vimelika upande kwa mwendo wangu wa bata. Humo ndani tunatembea na soksi kwa ajili ya mazulia, kwa hivyo hakushuku. Alipopita tena akasema, sasa chumba kina uhai.

Daktari akaja na mamake, ajuza wa pande zetu mwenye bakora. Kijana aliipenda nyumba papo hapo. Alikwisha kujaribu mabomba yote. Mama akafika mlango wa chumba cha kulala, akasimama, akanyoosha bakora kwenye akala.

"Mwanangu, nyumba hii ina mwenyewe."

Madam akaeleza kwamba ni mapambo tu. Mama akamjibu kuwa mapambo hayaliki visigino. Mwanamume ameshavua viatu kando ya kitanda hicho, na mwanawe hataingia nyumba ya mwanamume mwingine. Kijana akambembeleza kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa lugha yetu maneno nisiyoweza kuyaandika, maana najua barua hii utasomewa na katekista.

Nikaona fleti inapotea, na safari yangu nayo. Nikasema akala ni zangu.

Mama akazitazama soksi zangu, moja kidole kikichungulia dirishani. Akaniuliza kama nimelala humo.

"Mama, kitanda hiki nakitandika kila siku na sijawahi hata kukikalia. Changu kiko kwetu, kwenye nyumba ambayo sijaiingia, na mke wangu ananingoja akinyeshewa."

Nilitaka iwe mzaha, sauti ikanigeuka. Nikajikuta namweleza mpaka habari ya koti. Hakucheka. Akaketi juu ya ile mito saba, akailaza yote.

"Chukua viatu vyako, baba. Vipeleke kunakolala mwenyewe."

Kisha akamwambia Madam kwamba mwanawe atanunua, lakini hatatia sahihi mpaka akala hizi zivuliwe kando ya kitanda chao halali. Madam, maana kwao pia kuna wazee, akaniuliza basi la kwetu linaondoka saa ngapi.

Kwa hivyo naja, Mama Nafula. Barua nampa dereva wa basi la leo itangulie. Mimi nitapanda la kesho kutwa. Nisalimie mama mkwe, mwambie bado sijafa, avumilie. Msalimie binti yetu Nafula na mumewe mrefu asiyeongea. Wanjala mwambie aliache koti msumarini, lipumzike.

Tandika kitanda kwenye nyumba mpya, lakini usilale. Mito miwili inatosha. Na upande wa mlango, pale chini, uache nafasi tupu. Usiweke kitu. Hapo nitapanga mwenyewe.

Ni mimi mumeo, na si koti,

Wafula