Vidonge vya Kuamsha Kichwa

Mpendwa mdogo wangu Muhindo,

Tangu baba akuvushe mpaka pale Kasindi kwenda kwa shangazi, hapa Butembo wanakutaja kwa sauti ya chini. Mimi nakukumbuka ukifundisha wenzako hesabu mbele ya mlango wetu, mikono imejaa chaki, mzima kabisa.

Lakini vita ilikuwa imefunga shule miezi mingi, na examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, ikakaribia. Ukaogopa. Rafiki yako wa Bungulu, kule Beni, akakupa vidonge vya kuamsha kichwa.

"Yaya, sasa kichwa inawaka," uliniambia mimi dada yako ukicheka. "Nasoma mara moja tu, inabaki."

Kweli, mwanzoni ulivimaliza vitabu. Kisha ukaacha kula, ukaacha kulala. Ulirudia swali moja kutwa nzima, unaandika, unafuta. Mama alipoangusha sufuria, ukaingia chini ya kitanda kuwakimbia askari: "Basoda banakuja!" Sisi sote tumesikia risasi katika vita hii. Wewe ulisikia hata zile ambazo hazikupigwa.

Siku ya mtihani, msimamizi alikugusa bega. Ukaruka dirishani, ukakimbia moja kwa moja hadi kwenye barrière, kizuizi cha askari katika barabara ya Beni. Nilikuwa nauza viazi pale karibu. Askari akainua bunduki, akapaza sauti usimame. Hukusimama. Nikakurukia, tukaanguka matopeni.

"Afande, hapana kupiga! Ni mwanafunzi, ni mugonjwa!"

Moyo wako ulipiga mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Askari alitutazama, akatutazama tena, ndipo akashusha bunduki.

Hospitalini, muuguzi alipoviona vile vidonge alituambia, "Huyu hakukuwa na ugonjwa. Dawa hii ni ya bagonjwa. Mutu muzima akiimeza, inamunyima usingizi mpaka anaota macho wazi."

Shangazi anasema sasa unalala, unakula, ila kitabu hukigusi. Namshukuru Mungu, na bado naogopa. Jana Kavira, mdogo wetu, anayejiandaa kwa mtihani uleule, aliniuliza huku akimenya viazi:

"Yaya, ile dawa, Muhindo alikuwa anakunywa ngapi?"

"Unauliza kwa nini?"

"Bure tu."

Hakuinua macho.

Mimi nikimkataza, ataona ni woga wa dada tu. Wewe atakusadiki. Najua hupendi kuyakumbuka, lakini mwandikie, hata mistari miwili. Usichelewe, Muhindo.

Mungu akulinde huko uliko.

Dada yako mkubwa,
Masika