Ugonjwa wa Mifyulisi Yetu Nao Umeugua

Mbeya, asubuhi

Mama Lukelo wangu,

Kamwene! Baridi ya huku inauma hadi kwenye meno, lakini leo hata koti nimelisahau kwa furaha.

Kwenye basi walinicheka kwa ule mfuko wa udongo niliouchota chini ya mifyulisi yetu. Mama mmoja wa hoteli pale Chimala akaniuliza, "Shemeji, unatoka kuzika?" Nikaupakata mfuko wangu. Nilikuwa naiwaza miti yetu ya matunda, ambayo baba anataka kuikata yote kwa sababu ya ugonjwa.

Basi, Bwana Mwakalinga wa maabara ya kilimo aliwaotesha bakteria wa majani yetu yenye ugonjwa niliyomletea kwenye kisahani cha kioo, wakatanda kama utando wa maziwa. Juu yao akadondosha maji aliyoyachuja kutoka kwenye ule udongo. Leo kaniita mbio. Utando wote umetoboka matundu, kioo kinaonekana!

"Kwenye maji haya kuna virusi," akasema. "Vinawaingia bakteria na kuwapasua."

"Kwa hiyo ugonjwa nao umeugua?"

Akacheka hadi akavua miwani. "Umeugua, tena vibaya sana!"

Mwanaume mzima nikapiga vigelegele mle ndani.

Haahidi kwamba miti itapona, ila kanipa chupa ya maji hayo tukanyunyizie majani jua likishazama, maana jua huviua virusi hivyo. Mwambie baba asiguse hata tawi, nakuja.

Mpakate Lukelo kwa niaba yangu. Mungu awatunze. Mafyulisi yakiiva, la kwanza ni lako.

Mumeo akupendaye,
Baba Lukelo