Neno Nililomchagulia Dorine

Jumanne, 10 Juni 2025
Siku ya zawadi shuleni. Mgeni wetu Mzee Mwikwabe. Dorine wa Form Four – yule aliyeolewa, akazaa, akarudi shule – akaitwa mbele kupokea thermos. Mzee akanyoosha mkono. Dorine akampa mgongo! Mbele ya wazazi wote. Mzee akabaki kutazama viatu vyake.

Ofisini akaulizwa sababu. Kimya.

Principal Monari akataka neno la kutia kwenye barua ya nyumbani. Rude? Insolent? Mimi mwalimu wa Kiingereza nikaona uwanja ni wangu. Nikasema rude hana adabu tu, insolent ana dharau ya waziwazi, lakini huyu anajua anachotakiwa kufanya na anakataa makusudi. Defiant! Monari akanisifu.

Adhabu ya rude ni kufyeka nyasi. Ya defiant ni kukaa nyumbani wiki mbili, na mtihani wa mock unaanza Jumatatu. Nilijua. Nikasema tu.

Jumatano, 11 Juni
Kiti chake kitupu. Nimefundisha vibaya.

Jumamosi, 14 Juni
Homa Bay, kwetu. Mama amenipikia ngege, samaki ninayempenda. Nimemwacha sahanini. Akauliza, “Nyathina, mwanangu, unaumwa?” Nikasema ni kazi nyingi. Neno lilikuwa sahihi. Lilikuwa sahihi! Basi mbona naona haya?

Jumapili, 15 Juni
Nimerudi Suna, shuleni. Jioni simu – Mama Matiko, mama mkwe wa Dorine, ndiye anayemsomesha.

“Mwalimu, hii defiant ya barua ni ya wizi ama ya wanaume? Kijana yangu anasema ni ya wanaume. Amekataa bibi yake arudi shule.”

Nikamweleza: hakumpa mgeni mkono.

“Mgeni gani?”

Nikamtaja.

“Mwikwabe? Si huyo ni ndugu ya bwana yangu! Ni baba mkwe yake! Sisi Wakuria, msichana hawezi shika mkwe mkono. Hata jina yake hawezi taja. Angemshika, ni mimi ningemfukuza.”

Kumbe ndiyo sababu ya ule ukimya. Na vile viatu! Mzee alimtambua mkwewe akiwa amekwisha kunyoosha mkono. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikaona yote, nisiulize mtu.

Kisha akauliza: “Sasa nyinyi mliomfukuza, Kizungu inawaita nini?”

Nikasema nitampigia.

Careless? Hapana, hilo ni la mtu aliyemwaga chai. Negligent, mzembe wa kazi? Bado najihurumia. Arrogant, mwenye kiburi. Ndilo.

Nimempigia Monari. Inaita, hapokei. Mock ni kesho asubuhi. Napiga tena –