Mbuzi wa Jirani Amekula Kivumbasi Chako

Mama Kadzo, mke wangu, uliyejilalia huko Kaloleni ukaniachia vyombo vya kuosha,

Usinicheke hati. Wajua darasa la nne nilitokea dirishani. Nina neno la kukwambia, nami nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Wakumbuka ulipokipanda kivumbasi chako hapa Mjambere, nyuma ya jiko? Nilikudhihaki. Mwanamke gani huyu, majani ya chai ya dukani yapo, yeye atuchemshia kichaka! Ukanijibu, "Kunywa ulale, baba. Yale ya dukani hukufanya ukeshe ukiniudhi." Nikanywa miaka yote hiyo. Na kila ulipochuma, ulilifikicha jani ukalinusa kwanza, ndipo ukatia sufuriani. "Mimi siamini macho," ulisema, "naamini pua."

Pua yangu imekufa, Sidi mke wangu. Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii harufu, hata samaki akioza. Sikumwambia mtu. Mzee mzima niseme pua imestaafu kabla yangu? Basi nikawa nachuma kwa macho, na macho yenyewe ndiyo haya.

Ijumaa Kadzo wetu alikuja toka Magongo. Ana mimba ya miezi saba, na moyo wamwenda mbio, daktari kamkataza chai na kahawa. Akasema, "Baba, nataka ile ya mama." Nikamfungia furushi zima, nikijitia ubingwa.

"Umenusa?"

"Mwanangu, wewe ndiwe wa kunifunza kivumbasi?"

Akacheka kile kicheko chako, akaenda zake.

Jumapili nilikunywa kikombe changu, tumbo likanikata. Nikayasingizia maharagwe.

Leo asubuhi nimemkuta mbuzi wa Mama Kache, jirani yetu, akikitafuna kichaka kwa raha zake. Nimeinua fimbo nimtukane, tusi likaniganda mdomoni. Si wewe uliyekuwa ukisema mbuzi atakula kamba, atakula hata Biblia ya mchungaji, lakini kivumbasi hakigusi, harufu yamshinda?

Nikamwita Mama Kache. Alikuja na maneno yake, "Mzee, leo waniita mchana kweupe, watu watasemaje?" Akafikicha jani, akanusa. Utani ukamwisha.

"Hiki sicho. Cha marehemu kimekwisha kukauka, ndivyo hivi vijiti. Hiki ni kile cha mwituni kilichoua ng'ombe wa shemeji yako. Hakijatoa maua tu."

Nimempigia Kadzo mara tano. Simu yaita, haishikwi. Mbuzi naye amelala chini ya ukuta. Nimemsukuma kwa mguu, hakuinuka. Labda ameshiba. Mama Kache hata mbuzi wake hamtazami, ananitafutia viatu.

Wewe ulikuwa ukiunusa hata uongo wangu kabla sijafungua kinywa. Kadzo hakurithi pua yako. Aliniamini.

Navaa viatu niende Magongo. Maisha yangu yote sijakuomba kitu ila chakula, leo naomba. Mwanao akibisha hodi huko kwako, usimwitikie. Jifanye umelala. Akizidi kubisha, mwambie kwa mlango uliofungwa kwamba babake yu njiani, aja kumchukua.

Mumeo, yule yule mwongo