Mtoto Aliyetulia

Dada yangu,

Sisi tupo, na paa linavuja palepale unapopajua. Juzi alikuja mchoraji wa gazeti kuchora maisha ya mtaa wetu. Tangu jana yake nilikuwa nimefagia, nikatandika lile shuka ulilonipa nilipoolewa. Akasema, "Mama, toa hilo shuka, na ndoo ya maji machafu irudishe ndani." Nikairudisha, mjinga mimi.

Akanichora nimempakata kitinda mimba wangu. "Huyu ametulia kweli," akamsifu, "wenzake hunisumbua."

Sikumwambia kwamba alikuwa ametulia hivyo tangu alfajiri. Niliogopa angefunga daftari lake aondoke, na mtoto sina picha yake nyingine.

Usijisumbue kuja, tulimzika jioni ileile. Ukiliona gazeti huko, nikatie ukurasa huo.

Mdogo wako